Alama Nne za Nyongeza

Barua ilifika zahanati ya Timbwani, Likoni, Jumatatu moja ya mwezi wa Machi, mwaka wa tisini na tisa, imebanwa pamoja na makaratasi ya chanjo. Stempu yake ilikuwa ya Uingereza, na jina lililoandikwa juu ya bahasha lilikuwa la muuguzi mwenyewe, Mwanatatu binti Mwinyi. Aliigeuza mara mbili bila kuifungua. Ilikuwa miaka minne tangu maabara ile imwandikie mara ya kwanza na ya mwisho, na yeye alikuwa akijua kwamba shughuli yao imekwisha.

Alichanja watoto hadi adhuhuri, kisha akaingia chumba cha dawa, akafunga mlango, akaisoma akiwa amesimama.

“Mwaka 1995 tulipima alama sita, kwa kuwa ndizo tulizokuwa nazo,” barua ilisema. “Mwaka huu tumeongeza nne, na tunapima upya sampuli tulizohifadhi ambazo majibu yake yalisimama juu ya alama chache. Katika zile sita za mwanzo, mama na mwana wanaafikiana, kama tulivyokuandikia. Katika hizi nne za nyongeza, wanatofautiana mara tatu. Tofauti moja huweza kuwa hitilafu ya maumbile. Tatu haziwezi. Kwa maoni yetu, bibi huyu hakumzaa bwana huyu. Hata hivyo, wanafanana kuliko watu baki wanavyofanana, na inaelekea kuwa bwana huyu ni jamaa wa karibu wa bibi huyu kwa damu.”

Mwanatatu alikaa juu ya boksi la dripu. Alichofikiria kwanza si mamake wala shamba la urithi. Alifikiria kichwa chake mwenyewe, jinsi alivyokaa nacho wazi miaka kumi na miwili mbele ya mwanamume yule, akisukwa nywele uani huku yeye anakunywa chai pembeni, kwa kuwa ni kaka.

Kakake Rama aliondoka Likoni mwaka wa sitini na mmoja, kijana wa miaka kumi na saba, akaajiriwa jikoni katika meli ya mizigo. Mwanatatu alikuwa na miaka mitano, na alichokumbuka ni mgongo wa shati jeupe tu. Barua zikaja mwaka mmoja, kisha zikakatika. Baba yao alikufa mwaka wa sabini na tisa akiwa bado anaulizia posta. Shamba likagawanywa, fungu la Rama likawekwa kando, kwa sababu Bi Dhahabu, mama yao, alikataa katakata kusikia neno marehemu likitajwa pamoja na jina la mwanawe.

Mwaka wa themanini na saba, mwanamume wa makamo, mwembamba, mwenye mvi za mapema, alibisha hodi mchana kweupe akasema yeye ni Rama. Bi Dhahabu wakati huo alikwisha kuingiwa na ukungu machoni. Alimkalisha mkekani akamwuliza maswali. Yule bwana aliyajibu yote. Alijua jina la mbuzi aliyekufa kwa kula sabuni. Alijua ni nani aliyechimba kisima cha nyuma na kwa nini kiliachwa. Aliutaja wimbo ambao marehemu baba yao alikuwa akiuimba akipalilia mihogo, na akauimba. Bi Dhahabu akalia, wanawake wa jirani wakapiga vigelegele, na ikawa basi.

Aliyekataa alikuwa ami Faki, ndugu wa baba yao. Hakumtukana mgeni wala hakumpiga marufuku nyumbani kwake. Alisema tu kwamba sura ile haifanani na ya marehemu ndugu yake, na kwamba fungu la shamba halitoki hadi apate uhakika. Aling'ang'ania hivyo miaka minane. Mwishowe mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Uingereza akaandika kwamba huko kuna maabara inayosoma urithi katika damu: mahali fulani fulani katika kila mtu pameandikwa tarakimu mbili, moja ya mama na moja ya baba, na mahali hapo huitwa alama. Mtoto hawezi kukosa tarakimu ya mama yake katika alama yoyote. Mama na mwana watolewe damu, ipelekwe, itasema yenyewe.

Ni Mwanatatu aliyetoa damu ile. Aliikumbuka siku hiyo vizuri. Mamake alisita, akasema ana homa, akasema ngoja wiki ijayo. Rama hakusita. Alikunja shati, akanyoosha mkono juu ya meza ya zahanati.

“Hizo alama wanazotazama ni ngapi?” aliuliza.

“Sita.”

“Na mtu ana ngapi kwa jumla?”

“Wanasema hazihesabiki.”

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei akaiona inalipika. “Basi chukua, dadangu,” akasema.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili: alama sita, zote zinaafikiana. Ami Faki alikwenda mwenyewe hadi kwa Bi Dhahabu akaomba radhi, na kadhi akatoa fungu. Rama akapewa sehemu ya juu ya shamba, ile inayopakana na barabara, akajenga humo nyumba ya vyumba viwili. Alikuwa mtu mtaratibu. Hakugombana na mtu. Ila watu waliona mambo mawili: hakukanyaga ufukweni hata siku moja, na akiulizwa habari za meli, bandari alizozitaja leo sizo alizozitaja jana.

Na mwaka wa tisini na saba, Mwanatatu, aliyekuwa mjane, alipoposwa na Salehe, mwalimu wa chuo cha Kurani huko Mikindani, aliyekaa mbele ya shekhe akatamka maneno ya kuozesha alikuwa Rama. Baba hayupo, kaka ndiye walii.

Salehe alikuja nyumbani Alhamisi, kama ilivyokuwa desturi yake. Mwanatatu alimwacha ale kwanza. Kisha akamfasiria ile barua, neno kwa neno, kwa sauti ya chini. Salehe alikuwa mtu mpole, mnene kidogo, mwenye tabia ya kukuna kidevu akifikiri, na sasa mkono wake ulikuwa umelala tu gotini.

“Nani aliyekuozesha kwangu?” akauliza.

“Wajua.”

“Nataka useme.”

“Mtu huyu.”

“Basi hatukuozeshwa,” alisema. “Hatuna dhambi kwa tulichokuwa hatukijui. Lakini tangu sasa twajua.” Alisimama, akatafuta kofia yake. “Mimi nitalala Mikindani hadi ami yako atuozeshe upya. Na ami yako hawezi kutuozesha upya bila kuambiwa sababu. Samahani, Mwanatatu. Barua hii haiwezi kurudi katika bahasha.”

Alipokwisha kuondoka, Mwanatatu alielewa kwamba hata kama angetaka kunyamaza, njia hiyo ilikuwa imefungwa. Lakini alitaka kwanza kujua yule bwana ni nani. Jamaa wa karibu, upande wa mama. Bi Dhahabu alikuwa na ndugu mmoja tu, Mwanasaumu, aliyeolewa Vanga, mpakani, akafa zamani.

Asubuhi alimkuta mamake uani, anachambua mchele kwa vidole, kwa kuwa macho hayakumfaa tena.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mbona hukwenda kazini?”

“Nitachelewa leo. Mama, marehemu mama mdogo Mwanasaumu alizaa?”

Vidole vilisimama juu ya ungo. Kuku mmoja alikuja akadonoa punje iliyoanguka, na Bi Dhahabu hakumfukuza.

“Alizaa mmoja,” alisema. “Mbwana. Alikuja kukaa hapa baada ya mamake kufa, mwaka na kitu. Wewe ulikuwa bado mdogo mno. Yeye na Rama walikuwa wakilala mkeka mmoja.”

“Kisha akaenda wapi?”

“Walikwenda pamoja. Meli ile ile.”

Mwanatatu alichuchumaa mbele ya ungo. “Hujapata kunitajia mtu huyo.”

“Hukuuliza.”

“Mama, wewe ulijua.”

Bi Dhahabu aliupeta ungo mara moja, mara mbili, akauweka chini. “Rama hakula pweza,” alisema. “Tangu mdogo. Ukimpa, anatapika hadi nyongo. Huyu alipokuja, siku ya tatu, nilimpikia pweza wa nazi. Nilisema, kama ni mwanangu atasukuma sahani. Akala. Akaomba tena.” Alipapasa ukingo wa ungo. “Mbwana alikuwa akipenda pweza.”

“Na ukamwacha?”

“Ningemwambia nini? Ningesema wewe si Rama, angesema ndiyo, si Rama. Kisha ningemwuliza Rama yuko wapi.” Aligeuza uso upande wa sauti ya binti yake, macho yake meupe kama ya samaki aliyepikwa. “Sikutaka kuuliza. Na wewe usiulize, mwanangu. Mtu akiuliza hujibiwa.”

Lakini Mwanatatu alikwenda. Alikwenda siku hiyo hiyo baada ya alasiri, peke yake, amejifunga mtandio hadi kidevuni. Alimkuta yule bwana nyuma ya nyumba yake, anafua nazi. Kifuo, ule mti wenye ncha ya chuma, kilisimama ardhini mbele yake. Anainua nazi, anaichoma kwenye ncha, anaipinda hadi kumbi linaachana na fuu kwa sauti ya kitu kinachochanika. Yule bwana aliuona mtandio kabla hajaona uso.

“Leo umejifunika,” akasema.

“Mbwana,” alisema Mwanatatu.

Nazi iliyokuwa mkononi ilichomwa, ikapindwa, ikatupwa kwenye fungu. Hakushtuka. Akachukua nyingine.

“Ni mama aliyekwambia?”

“Ni maabara. Wameongeza alama.”

“Ngapi?”

“Nne.”

“Nne,” alirudia. “Nilijua mama zetu walikuwa damu moja. Nikasema, sita zaweza kunipita. Zikanipita.” Alifuta jasho kwa bega. “Mimi sikuja kuiba, Mwanatatu. Nilikuja kumwambia mama yako habari. Nilisimama mlangoni, nikafungua kinywa, yeye akasema, Rama. Kabla sijasema kitu. Nikamwambia ndiyo.”

“Habari gani ulikuja kumwambia?”

Alichoma nazi. “Alikufa Karachi, mwaka wa sitini na tatu. Homa. Wiki mbili tu. Waislamu wa pale walimwosha, wakamzika. Nilitia mchanga kwa mkono wangu.”

“Makaburi gani?”

“Ya bandarini. Yana ukuta.”

“Na kwa nini hukuandika? Toka sitini na tatu hadi themanini na saba ni miaka ishirini na minne.”

Safari hii alisimamisha mikono. Alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomtia Mwanatatu hofu kuliko yote, kwa kuwa macho yale yalikuwa na upole ule ule wa kila siku, upole wa mtu aliyemletea embe alipokuwa mgonjwa. Ncha ya kifuo ilikuwa katikati yao, ina unyevu.

“Maswali ni kama hizo alama zenu,” alisema. “Mtu akiridhika na sita, hulala. Nenda nyumbani, dadangu. Jua linakwenda.”

Mwanatatu alirudi nyuma hatua kadhaa kabla ya kugeuka. Njiani alijizuia kukimbia. Alipita nyumba ya mamake bila kuingia, akaenda moja kwa moja kwa ami Faki, akampa barua, akamwambia yote.

Ami Faki alikuwa mzee wa miaka sabini na minane, mguu mmoja umevimba, na watu walidhani angefurahi. Hakufurahi. Alisema atamwendea yule bwana asubuhi, amsikie kwa masikio yake, ndipo waende kwa kadhi.

Alikwenda. Alirejea saa nne, akajikalisha barazani kwa shida, akataka maji.

“Amekubali,” alimwambia Mwanatatu. “Anasema yeye ni mtoto wa Mwanasaumu. Anasema fungu nilichukue, hana ugomvi. Nikamwuliza mwanetu alikufaje. Akasema alianguka baharini, kati ya Aden na Bombay, bahari ilikuwa mbaya, hawakumwona tena.”

Mwanatatu alikuwa amekishika kikombe cha maji, na alikiweka chini taratibu.

“Baharini?”

“Hivyo alivyosema. Ndiyo maana, anasema, hakuna kaburi.”

“Mimi aliniambia Karachi. Homa. Aliniambia alimtia mchanga kwa mkono wake.”

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa akifikiria maneno ambayo mwenziwe hakutaka kuyasikia. Ami Faki alituma watu wawili wazima, wanawe, wakamwite yule bwana aje aseme mbele ya watu. Walikuta nyumba imefagiwa, ufunguo uko mlangoni, fungu la nazi zilizofuliwa limepangwa vizuri ukutani. Majirani hawakumwona akipita. Kwenye kivuko hakuna aliyemwona. Polisi waliandika maelezo, wakauliza kama kuna mwili, wakaambiwa hakuna, wakafunga daftari.

Kadhi alitoa uamuzi wake katika muda wa mwezi. Kwa kuwa hapakuwa na ushahidi kwamba Rama alikuwa hai babake alipokufa, fungu lilirudi katika mirathi ya baba, na sehemu kubwa ikaenda kwa ami Faki, nyingine kwa Mwanatatu. Wapo waliosema kisimani kwamba binti Mwinyi alijua kuisoma barua yenye faida. Ami Faki alimwozesha upya kwa Salehe, Ijumaa moja baada ya sala, mashahidi wawili na sahani ya halua, bila ngoma wala mwaliko. Salehe alirudi nyumbani na kofia yake. Akapata kumsikia mkewe akiamka alfajiri kuhakikisha mlango una komeo.

Bi Dhahabu hakusema neno hadi kila kitu kilipokwisha. Siku ya arusi ile ya pili alimwita Mwanatatu chumbani.

“Abee, mama.”

“Nilikuwa na mtoto wa kiume,” alisema. Sauti yake haikuwa na ukali. “Nilijua si yeye, lakini nilikuwa naye. Asubuhi nasikia akikohoa, nasema, Rama ameamka. Wewe na wazungu wako mmenizikia. Sasa fanyeni matanga.”

Mwanatatu alijifunga kanga, akatoka kwenda kumwita ami Faki.

Wakafanya matanga, miaka thelathini na kitu baada ya kifo ambacho hakuna aliyejua kilikuwaje. Msikitini wakamsalia Rama sala ya maiti asiyekuwapo. Wanawake walijaa uani, wakasoma Yasini, wakalia kilio cha adabu, kwa kuwa wengi wao hawakupata kumwona. Bi Dhahabu alikaa katikati, amefunikwa kanga, na hakutoa chozi. Alipoulizwa na mgeni mmoja marehemu alikufa kwa nini, alijibu, “Muulize binti yangu, yeye ndiye anayepata barua.” Alikufa yeye mwenyewe kabla mwaka haujaisha, usingizini, na Mwanatatu akamwosha kwa mikono yake.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa Novemba, mwanamke aitwaye Nyamvula alileta mtoto zahanati kuchanjwa. Alikuwa mgeni Likoni, ameolewa karibuni, mwenyeji wa Vanga. Mwanatatu alimwuliza habari za kwao, kama muuguzi anavyouliza huku akitayarisha sindano ili mama asitazame.

“Kwetu ni furaha tu,” Nyamvula alisema. “Mtaa wa pili na sisi kuna bibi kizee, mwanawe alipotea melini toka zamani. Mwezi jana amerudi. Mzee sasa, lakini amerudi. Wamechinja mbuzi.”

Mwanatatu alikuwa amemshika mtoto paja. “Bibi huyo anaona?”

“Haoni vizuri. Lakini yeye anasema hahitaji macho.”

“Na huyo mwanawe, ni mtu wa namna gani?”

“Mtaratibu,” Nyamvula alisema. “Mpole sana. Wallahi, kila mtu anampenda.”

Mtoto alilia, akachanjwa, akanyonyeshwa, akanyamaza. Mwanatatu aliandika tarehe kwenye kadi. Alijiambia kwamba meli zimechukua vijana wengi wa pwani hii, na kwamba wengine, kwa rehema za Mungu, hurudi kweli. Alijiambia pia kwamba akienda Vanga na maneno yake, na maneno yake yakawa kweli, atamzikia mwanamke mwingine mtoto. Na asipokwenda, kuna kijana mwingine, kama Rama, aliyelala mahali fulani, ambaye hakuna atakayeuliza habari zake kamwe.

Juma lile hakwenda. La pili pia hakwenda, na Salehe aliona hali chakula, lakini hakumsukuma. Alhamisi ya juma la tatu aliomba ruhusa kazini, akavaa buibui, akatia barua ya maabara mkobani, akaenda kituo cha magari ya kusini. Magari mawili ya Vanga yalijaa yakaondoka, yeye amesimama chini ya kibanda, ameukumbatia mkoba kifuani. La tatu lilipokuja, utingo akauliza kama anakwenda au anasindikiza mtu.

“Nakwenda,” alisema, akapanda.